Uongozi wa Mwalimu Uanzie Darasani

Matokeo ya mitihani yanapokuwa mabaya, hatua zinazochukuliwa huwa karibu zilezile: mkuu wa shule anahamishwa, waraka mpya unatumwa, ukaguzi unaongezwa, na walimu wanaitwa kwenye semina ya siku mbili kusikiliza mambo ambayo wengi wao wameshayasikia. Sikatai kwamba ukaguzi una kazi yake. Ninachokipinga ni imani kwamba dawa ya shule lazima itoke nje ya shule, ilhali watu wanaojua ni mtoto gani anakwama, katika mada ipi na kwa sababu gani, wanashinda humo humo ndani bila kuulizwa.

Maarifa hayo hubaki kwa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kazi ya ualimu imepangwa kwa namna ya ajabu. Mtu anaweza kufundisha hadi akastaafu, akitenganishwa na mwenzake kwa ukuta mmoja tu, asiwahi kumwona akifundisha hata kipindi kimoja. Anayeingia darasani mwake ni mkaguzi au mkuu wa shule, tena akiwa na fomu ya kumpima, hivyo siku hiyo hufundishwa somo lililopambwa na wanaonyoosha mikono ni walewale hodari.

Shule za msingi nchini Japani zina utaratibu tofauti, ambao umedumu kwa zaidi ya miaka 100. Walimu kadhaa huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha kwa wanafunzi wake, na wengine wakasimama kandokando ya darasa wakiandika wanachokiona kwa wanafunzi, si kwa mwalimu. Tuchukue hesabu ya 13 kutoa 9. Mtoto mmoja anahesabu kurudi nyuma kwa vidole, 12, 11, 10, kisha anapotea njiani. Mwingine anatoa 9 kwenye 10, anabakiwa na 1, anaijumlisha na 3. Wa tatu ameandika 4 kwa kuchungulia daftari la jirani. Aliye ubaoni hawezi kuwaona wote watatu kwa wakati mmoja, lakini wenzake waliosimama pembeni wanaweza. Baada ya kipindi wanakaa na kujadili kwa nini yule wa kwanza alipotea, kama swali la kufungulia somo lilifaa, na nini kibadilishwe kabla mwingine hajalifundisha somo hilohilo. Na kwa kuwa somo ni la wote, kinachokosolewa ni andalio, si mtu. Kwangu mimi, uongozi wa mwalimu ni huo: kuamua pamoja na wenzake jinsi somo litakavyofundishwa, kisha kuwajibika kwa uamuzi huo mbele yao.

Kwingi, hata hivyo, uongozi huo umegeuzwa cheo. Mwalimu hodari hupewa ukuu wa idara, na cheo kinamletea mafaili, orodha za vitabu na vikao, huku idadi ya vipindi vyake ikibaki ileile. Akifanya vizuri zaidi, anapelekwa ofisi ambako hafundishi tena. Yaani mfumo unampa tuzo mwalimu bora kwa kumwondoa mbele ya wanafunzi. Singapore ilikwepa mtego huo mwaka 2001 kwa kuweka njia tatu za kupanda ngazi: ya uongozi wa shule, ya utaalamu maalumu, na ya ufundishaji wenyewe, ambayo mtu huipanda akiwa bado mwalimu na akiwalea walimu wengine.

Ngazi hizo nazo hazifui dafu pale walimu wasipoaminiana. Mwaka 1988 sheria ya mageuzi ilizipa shule za Chicago mamlaka makubwa ya kujiendesha, na katika miaka ya 1990 watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider wakazifuatilia shule za msingi za jiji hilo. Zile ambazo watu wake waliaminiana sana zilikuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kupandisha matokeo ya hesabu na kusoma. Zile zenye kuaminiana hafifu, nafasi 1 kati ya 7. Sheria ni moja, matunda mbalimbali. Na imani hiyo huvunjwa kwa jambo dogo tu: mwalimu akisema kikaoni kwamba mada ya sehemu katika hesabu (kama nusu na robo) inamshinda kuifundisha, kisha akayakuta maneno yake kwenye fomu ya tathmini mwisho wa mwaka, hapo hakuna atakayefungua kinywa tena.

Jibu la wakuu wengi nalijua: vipindi vimejaa, walimu hawatoshi, nani atashika darasa? Hoja hiyo ina uzito, na serikali inayotaka walimu washirikiane bila kupunguza mzigo wao inajidanganya. Lakini muda mwingine upo na unapotea. Kikao cha walimu cha kila wiki mara nyingi huliwa na matangazo, zamu na malalamiko kuhusu waliochelewa, mambo ambayo karatasi moja ubaoni ingeyamaliza, nacho kikao kikabaki kwa ajili ya kupanga somo. Na darasa la mwalimu anayekwenda kumtazama mwenzake akifundisha lishikwe na mkuu wa shule mwenyewe, kwani naye ni mwalimu, na kipindi kimoja kwa wiki hakitaiangusha ofisi yake.