Sikuzimia, Nilikuwa Kwenye Mtihani

Naona stori imeshafika kwenye grupu la wana wa Nkuhungu, na aliyeipeleka ni mshikaji wangu fundi simu wa Majengo, ambaye hata hakuwepo. Eti nimekutwa chumbani nimezimia, povu mdomoni. Povu! Ngoja nisimulie mwenyewe kabla hajaongeza jeneza.

Mnajua nilikuwa nasomea Cloud Practitioner ya AWS, kile cheti cha kuanzia cha mambo ya klaudi, yaani kukodi kompyuta za Amazon kupitia mtandao. Mnaoishi nami mmenivumilia. Nikila chipsi mayai naongelea S3, stoo yao ya mafaili. Nikipanda daladala namweleza abiria asiyeniuliza kwamba siku hizi hununui seva, unakodi ya kwao iitwayo EC2 na kulipia muda ulioitumia tu. Mtihani una maswali 65, dakika 90, na ili upite upate 700 kati ya 1,000. Ada dola 100 za Marekani. Piga hesabu kwa shilingi halafu urudi tuendelee.

Nikachagua kuufanyia nyumbani kwenye laptopu, msimamizi akinitazama kwa kamera. Masharti yake: meza iwe tupu, simu ikae mbali, mtu asiingie, usitoke mbele ya kamera, na usiongee. Hata kusoma swali kwa kunong'ona hairuhusiwi. Sasa mimi nina chumba kimoja, na kuta zote nilishazibandika karatasi. Ya IAM, mambo ya nani aruhusiwe kuingia wapi, ilikuwa juu ya kitanda, mahali ambapo wenzangu huweka kalenda ya kanisa. Nikabandua zote. Kisha kwa woga nikatoa nje na TV, rafu ya vyombo, begi la nguo na jiko la gesi. Nikavirundika barazani nikavifunika shuka, maana upepo wa Dodoma msimu huu mnaujua na vumbi lake. Nikafunga komeo. Ndala zikabaki mlangoni.

Jirani akaona vitu nje, akampigia mama mwenye nyumba: mpangaji wako anahama kimyakimya. Mimi huku ndani sina habari, maswali yanakwenda vizuri kabisa, nimeanza hata kujiona.

"Hodi!"

Hapa someni polepole. Mtu aliyelelewa, hodi humtoa jibu kabla hajafikiri. Mdomo ulishafunguka, "Ka..." ikafika kwenye meno, nikaimeza. Nikatazama kamera. Kamera ikanitazama.

"Hodi humo ndani! Mbukwa!"

Wenye majirani Wagogo mnanielewa. Mama wa umri ule akupe salamu ya mbukwa nawe ukae kimya? Jasho likaanza. Mbele yangu kuna swali la mada ya mgawanyo wa wajibu: mtoa huduma analinda majengo na mitambo yake, mteja analinda alichokiweka humo. Nikausoma mstari uleule, nikaurudia, nikaurudia tena, wala hauingii.

Hodi ya tatu haikuwa na hasira tena. "Ndala zake hizi hapa. Feni naisikia inazunguka. Mbona haitikii?" Kukawa kimya. Halafu minong'ono. Halafu sauti ya mtoto: "Bibi, pazia limefunuka."

Kweli, upepo ulikuwa umelipeperusha. Kwa pembeni nikaona jicho moja dirishani. Nalo likaniona: nimekaa wima, nimekodoa macho, sitikisiki, jasho linadondoka kidevuni.

"Yesu wangu! Amekaukia kwenye kiti!"

Wewe unayecheka, wewe ungefanya nini? Kuongea, mtihani umekwisha. Kuinuka, umekwisha vilevile. Nikabofya jibu C nikasonga mbele.

Seremala wa nyumba ya pili hakuhitaji kuombwa mara mbili. Bega la kwanza mlango ukalia. La pili komeo likang'oka na misumari yake. Wakaingia: seremala, jirani mwenye taarifa zake, mtoto na kishada cha zabibu mkononi, na mama mwenye nyumba ambaye alinikumbatia kichwa huku ananipepea kwa khanga. Mtu akanimwagia maji. Na niwaambie jambo la aibu kuliko yote: bado sikuongea. Nilikuwa bado na matumaini! Kichwa kiko kwapani mwa mama, maji yananitiririka shingoni, na mimi kwa kidole nawaonyesha skrini ili watoke.

Laptopu ikaongea. Kwa Kiingereza, taratibu, msimamizi akauliza hao watu ni akina nani.

Mama akaniachia. Akaisogelea, akainama hadi uso wake ukaijaza kamera yote. "Sisi ni majirani zake! Ni wewe uliyemfanya hivi?"

Skrini ikabadilika, mtihani ukafungwa, ada ikaenda. Komeo jipya nimelinunua mimi, seremala kadai soda, vitu nimerudisha ndani usiku. Mama mwenye nyumba anatembea mtaa mzima akisimulia alivyoniokoa, nami sina ubavu wa kumkanusha maana ameniletea mlenda na ugali jioni zote tangu siku hiyo.

Safari ijayo nafanyia kwenye kituo cha mitihani Dar, nitapanda SGR. Nimemwambia mama kwa heshima zote. Akaniuliza treni inaondoka saa ngapi, kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake.