Itaondolewa Ijumaa

Asubuhi hiyo mkuu wangu wa kazi aliniita akiwa amekunja uso, maana programu ya ukaguzi ilikuwa imegundua kituo cha Wi-Fi kisichokuwamo katika orodha yetu, kikirusha mawimbi kwenye chaneli ya 6 bila nywila yoyote. Nilimwahidi, kwa majivuno ya mtu aliyelisomea jambo hilo, kwamba kabla ya saa sita mchana ningemletea kifaa hicho pamoja na mhalifu wake.

Nilizunguka na kompyuta mpakato nikikodolea macho kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambacho husomwa kwa namba hasi: hasi 85 ni mnong'ono wa mbali, hasi 30 ni kelele sikioni. Kwa kuwa sikuwa na antena ya kuelekeza upande mmoja, nilitumia kiwiliwili changu. Maji yaliyomo mwilini hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya chaneli hiyo ya Wi-Fi, hivyo ukiikumbatia kompyuta kifuani na kujizungusha polepole, pale kipimo kinaposhuka zaidi ndipo mgongo wako unapokielekea kifaa. Mbinu hii inafanya kazi, ila haimwachii mtu heshima. Mhasibu alinikuta katikati ya ukumbi nikizunguka kama pia, akaniuliza kwa upole iwapo nilikuwa nimelala vizuri.

Kipimo kilinipeleka kwenye kabati lake la chuma, nikalipekua hadi droo ya mwisho huku yeye akihesabu kwa sauti mafaili niliyoyaangusha. Kumbe chuma huakisi mawimbi, nami nilikuwa nikifukuza mwangwi. Nilimwomba radhi, nikasogea hatua tatu, na kipimo kikaruka kutoka hasi 61 hadi hasi 34. Hapakuwa na kitu mbele yangu wala nyuma yangu. Juu kulikuwa na dari.

Ngazi ililetwa. Mkuu alikuja, mhasibu naye, pamoja na kila aliyekuwa na dakika za kupoteza. Nilisukuma ubao wa dari, nikaingiza kichwa vumbini, nikaiona ruta ikipepesa taa yake ya kijani, imebandikwa kipande cha karatasi.

"Pameandikwa nini?" mkuu aliuliza kutoka chini.

Niliifuta karatasi kwa kidole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mwandiko ule niliufahamu.

"Ya majaribio tu," nilisoma. "Itaondolewa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Haikutajwa, mkuu."

"Na aliyetia saini ni nani?"

Nikaomba nishikiwe ngazi vizuri.