Boksi la Kadi za Mashujaa Lifunguliwe

Nianze na msimamo wangu: boksi la kadi za mashujaa la miaka ya 1990, yaani kadi za kukusanya zenye picha za wahusika wa vitabu vya katuni, zikiuzwa kwa pakiti zilizofungwa, halikutengenezwa likae rafuni ndani ya plastiki yake, likisubiri bei ipande. Lifunguliwe. Najua wapo wakusanyaji watakaoniona mharibifu. Hoja zao nimezisikia, na kila nikizipima nazikuta nyepesi.

Hoja yao kuu ni uhaba: kila boksi linalofunguliwa linapunguza yaliyobaki, basi mwenye subira atavuna. Tatizo ni kwamba kadi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilichapishwa kwa wingi mno, na wanunuzi wengi wa wakati ule walizitunza kwa matumaini hayohayo. Kitu ambacho kila mtu amekificha kabatini hakiwi adimu upesi. Tena ile plastiki inayotuliza roho za watu si ushahidi wa kutosha. Mtu mwenye karatasi ya nailoni na kifaa cha kupuliza hewa ya moto anaweza kulifunga upya boksi lililokwisha kuchakuliwa, na usipokuwa na jicho la mzoefu hutajua.

Kadi zenyewe nazo zinadhurika humo ndani. Zile za katikati ya miaka ya 1990, zilizopakwa mng'ao mzito, zikikaa miaka mingi zimebanana kwenye joto na unyevu hushikana zikawa tofali moja. Ukikutana na hali hiyo usizibandue kwa kucha. Shika rundo lote kwa mikono miwili, likunje kidogo sana huku na huku mpaka usikie mlio mdogo wa kuachana, kisha zitenganishe taratibu moja baada ya nyingine. Baadhi zitaacha ngozi ya picha kwenye jirani yake. Inauma, na mwenye boksi lililofungwa anaweza kuwa na hasara hiyohiyo mikononi bila habari.

Lakini hata kadi zingekuwa salama milele, bado ningesema fungua. Chukua Marvel Universe ya kwanza, seti ya wahusika wa katuni za Marvel iliyotolewa na kampuni ya Impel mwaka 1990. Seti ina kadi 162 za kawaida na hologramu 5, yaani kadi za picha inayoonekana kuwa na kina ikipigwa na mwanga. Boksi lina pakiti 36 zenye kadi 12 kila moja, jumla kadi 432, kwa hiyo boksi lililochanganywa vizuri linakupa seti nzima ya kawaida na nyingine nyingi zilizojirudia. Hologramu ni bahati yako. Ukiipata, usiihukumu ikiwa kivulini, maana huko ni kijikaratasi cha kijivu tu. Isogeze karibu na taa moja, iinamishe polepole, na shujaa kama Silver Surfer anajitokeza kutoka ndani.

Utaniuliza, si ninunue seti iliyokwisha kamilika, tena bila usumbufu? Unaweza. Ila seti iliyopangwa kwa namba unaisoma kwa upendeleo: unamkuta Captain America kwenye namba 1, unamtafuta Spider-Man, unamtafuta Wolverine, wengine unawaruka. Pakiti haikupi nafasi hiyo. Inakuwekea mhalifu usiyewahi kumsikia juu ya shujaa unayempenda, na kwa kuwa yuko mkononi, unamgeuza usome. Mimi wahusika wengi wadogo niliwajua hivyo, na baadhi yao nikaja kuwatafuta kwenye vitabu vya katuni.

Na kusoma ndiko kwenye utamu. Nyuma ya kadi hizo za 1990 kuna jina halisi la mhusika, kimo, uzito, mara ya kwanza alipotokea na maadui wake wakubwa. Kisha kuna rekodi kama ya mwanamichezo: mapambano aliyopigana, aliyoshinda, aliyoshindwa, sare, na asilimia ya ushindi. Waliobuni hilo walichukua mtindo wa kadi za besiboli za Marekani wakamvisha mtu anayeruka angani, na ninaamini ndiyo sababu kadi hizi zilishika mioyo ya watoto. Ziliwapa kitu cha kubishania. Ubishi wa nani angemshinda nani ulikuwa na namba za kuanzia, hata kama namba zenyewe nazo zilibishaniwa. Hakuna kati ya hayo kinachosomeka kupitia ukuta wa boksi.

Sisemi kila boksi la zamani lichanwe. Kadi za Batman za kampuni ya Topps za mwaka 1966 ni jambo jingine kabisa. Zile pakiti ziliuzwa senti 5 pamoja na chingamu, zikafungwa kwa karatasi yenye nta, na watoto walizichana kama ilivyotakiwa, ndiyo maana pakiti nzima zilizobaki ni chache. Humo nta na chingamu huacha madoa kwenye kadi zinazogusana nazo, na chingamu yenyewe haifai tena kuliwa. Michoro ile ya rangi, kazi ya mkono wa mchoraji Norman Saunders, unaweza kuitazama kwa kununua kadi mojamoja zilizokwisha kufunguliwa zamani. Pakiti yenyewe iachwe, kwa sababu sasa ni kumbukumbu ya jinsi kitu kilivyouzwa.

Kwa maboksi ya miaka ya 1990, nawa mikono uikaushe vizuri, fungua pakiti kwenye mshono wa nyuma badala ya kuchana juu, na utunze angalau karatasi moja isiyoharibika. Usikimbilie kupanga namba. Soma kwanza zilivyotoka. Zinazojirudia mpe mtoto ambaye bado hajui yule mhalifu Magneto ni nani, wala usimwekee masharti ya kuzitunza.