Senti Mbili za Arki

Kwanza kabisa, ile voisi ya rafiki yangu inayozunguka kwenye magrupu, kwamba nilimimina ndoo nzima ya marashi kwenye faluda, ni uongo. Haikuwa ndoo. Vilikuwa vichupa saba na kidogo.

Jana ilikuwa posa ya mdogo wangu. Faluda lita 20, mpishi mimi (nilijitolea, msiniulize). Vipimo kanitumia shangazi aliyeko Uswidi, kule ambako hata unga wanaupima kwa desilita. Kaandika: arki ya waridi (ile ya kichupa, ya kutia harufu kwenye vinywaji), sl 2, yaani sentilita mbili. Mimi na darasa la tano tuliachana zamani, nikakumbuka tu senti ni mia. Mia mara mbili, mililita 200. Kichupa kimoja mililita 28. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, na wewe unafungua duka?" Nikamwona hajui mapishi.

Harufu sikuisikia. Pua ilishakufa ganzi tangu asubuhi.

Wageni wakaingia. Mjomba wa bwana harusi, kofia ya vito, kanzu imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Glasi ya kwanza nikampa yeye, nimepiga goti. Akainyanyua. Ikaishia puani. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena. Na mimi nimekenua jamani, nasubiri sifa! Akapiga funda moja la heshima. Shavu likavimba, likagoma kushuka. Macho yakajaa maji. Sebule kimya, feni tu ndiyo inalalamika. Akameza, akaweka glasi chini taratibu, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, kwani hapa kuna msiba?"

Bibi yangu, ambaye masikio yamechoka, akadaka neno moja tu. "Inna lillahi! Nani tena?"

Nikakimbilia jikoni kumpigia shangazi. Sentilita moja ni mililita 10, sl 2 ni mililita 20. Yaani hata kichupa kimoja kisingeisha! (Mliokariri kilolita, hektolita, dekalita, acheni kucheka. Ngazi naijua, niliruka kipandio.) Nikauliza kama inaokoleka. Akasema ndiyo, niongeze ndoo tisa kama hiyo, bila arki.

Soda zikaletwa, posa ikakubaliwa, wageni wakaondoka. Ndoo iko uani, mwenye moyo aje na chombo. Mjomba naye leo asubuhi katuma salamu, anauliza arobaini ni lini.