Ukali wa nyuki wa Tabora: damu au mzinga?

Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alikuja Afrika kutafuta nyuki. Nyuki wa Ulaya waliofugwa kwao walikuwa wakidorora kwa joto, naye alitaka kuwachanganya na nyuki waliolizoea jua. Malkia wengi aliowapata walitoka Pretoria, ila kati yao alikuwemo pia wa kutoka Tabora. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Kufikia 1990 vizazi vyao vilikuwa vimeingia Texas, na magazeti ya Marekani yakiwaita nyuki wauaji. Huku kwetu wanaitwa nyuki tu.

Nimeikumbuka habari hiyo kijiweni, wiki ambayo kijana wa mtaani alikamatwa kwa kumpiga mwenzake hadi akalazwa. "Babake alikuwa hivyo hivyo, damu haipotei," akasema mmoja. Mwingine akamkatiza: "Angelelewa na bibi yake asingefika huko." Mwana wa nyoka ni nyoka, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; kila upande ulikuwa na methali yake, na chai ikapoa.

Nyuki wa Kerr wanaonekana kuupa ushindi upande wa damu. Nyuki hao walibadilishiwa bara, maua na majirani, wakazaana na nyuki wapole wa Ulaya, na bado ukali ukasafiri nao kwa miaka 33.

Upande wa malezi hukimbilia Puerto Rico. Nyuki hao walifika kisiwani miaka ya 1990, na leo ni wapole kiasi cha kuwashangaza wafugaji. Mazingira yamewafunza adabu, basi? Hapana. Vinasaba vyao vilipopimwa, ilionekana urithi wenyewe ndio uliobadilika. Kisiwa kile kimejaa watu, na maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba makundi makali yaliteketezwa na yale mapole yakabaki kuzaana. Shahidi wa malezi amegeuka kuwa shahidi wa damu.

Upande wa malezi una shahidi bora zaidi, na hata hauhitaji kuvuka bahari kumtafuta. Nyuki akiuma huachia harufu ya kuwaita wenzake, inayofanana na ya ndizi mbivu. (Mrina asali makini hali ndizi kabla ya kwenda mzingani, na moshi anaopuliza husaidia kuififisha harufu hiyo.) Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wanasayansi walichunguza ubongo wa nyuki walionusishwa harufu hiyo, wakaulinganisha na wa nyuki wenye asili ya Afrika. Vinasaba vilivyoongeza au kupunguza kazi ndani ya bongo hizo viliingiliana kuliko bahati nasibu inavyoweza kueleza. Yaani hali ambayo nyuki mmoja amezaliwa nayo, mwingine huwashiwa na harufu ya jirani yake, kwa baadhi ya swichi zile zile. Tena nyuki wapole wakihamishiwa wangali wachanga kwenye mzinga wa wakali, huwa wepesi zaidi wa kuuma.

Kigoma nako ndizi zimewahi kushtakiwa. Kati ya 1974 na 1978, sokwe wa kundi la Kasakela huko Gombe waliwaua madume wa kundi jirani la Kahama, ambao zamani walikuwa wenzao. Wakosoaji walisema ugomvi ulichochewa na ndizi ambazo kambi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall iliwagawia. Hoja hiyo ilinivutia miaka mingi, mpaka ulipotoka mwaka 2014 uchambuzi wa makundi 18 ya sokwe na mauaji 152: idadi ya madume na msongamano vilieleza mauaji vizuri kuliko bughudha ya binadamu. Hata hivyo shuka na ziwa hadi Mahale, utawakuta sokwe wa jamii ile ile wakishikana mikono juu ya kichwa wanapochambuana manyoya, desturi ambayo wa Gombe hawana. Ubongo mmoja, mila mbili.

Kwa maoni yangu, urithi hupanga uchokozi kiasi gani unatosha kumwasha kiumbe, na mzinga huamua uchokozi huo utamfikia mara ngapi. Kwa binadamu mzinga una muda mrefu zaidi wa kufanya kazi yake, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia hasira, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana wetu ana miaka 19. Aliyemhukumu kwa damu amefanya haraka. Aliyetaja malezi naye, nimwambie ukweli, alikuwa anamtupia mama wa watu mzigo wote, wakati baba alikuwepo nyumbani na ngumi zake.

Mrina mmoja wa Sikonge aliwahi kunionyesha mizinga miwili kwenye miti inayotazamana. Mmoja aliufungua kwa moshi kidogo tu, huku akipiga hadithi. Wa pili, alisema, huuendea usiku, akiwa amejifunika gubigubi. Nikamuuliza kwa nini asiwaondoe nyuki wale akaweka wengine. Akacheka: ule mkali haujawahi kuibiwa.