Mkia wa K

Siku mbili nzima niligombana na herufi moja. Jamaa yangu alikuwa amekusanya habari za ukoo wao kwenye kijitabu, akaniomba nimtengenezee jalada. Neno la juu lilikuwa moja tu: KUMBUKUMBU. Nikajisemea, hapa panataka fonti ya kizamani, ile yenye serifu (vile vijimkia vya kwenye ncha za herufi) zilizojikunja, mistari minene inayokonda ghafla ikawa kama unywele, na mikia ya madaha. Nikaipata. Kwenye ukurasa wa sampuli ilikuwa inameremeta: Q yenye mkia wa tausi, alama ya & iliyosokotwa kama utepe, s na t zimeshikana kwa kijidaraja juu.

Nikaandika neno langu, likawa vurugu. Mguu wa K ulijinyoosha chini ya U mpaka ukaigusa M. Mara ya kwanza ulipendeza. Lakini neno lenyewe linajirudia, kwa hiyo kwenye herufi ya sita mguu uleule, kwa mpindo uleule, ukachomoza tena, kama mtu anayerudia kichekesho kwa watu walewale. Herufi kubwa zenye mikia hukaa vizuri mwanzoni mwa neno, nyuma yake zikifuata herufi ndogo. Ukizipanga zote safu moja zinakanyagana.

Hapo nikaanza kushuku sampuli zenyewe. Fonti hizi zinanadiwa kwa herufi ambazo sisi hatuzigusi. Q na X Kiswahili hakina kazi nazo, na c haitembei bila h. Sisi ni watu wa a, k, u, m, n, w. Kwa hiyo ukiona fonti ya mapambo, usidanganyike na Q, itazame a. Kama ina kitone kinene kichwani, fahamu kwamba kitone hicho utakiona kila baada ya hatua. Andika tu “Tangazo la mkutano wa wanachama” uhesabu: a ziko tisa.

Chukua Windsor, fonti iliyotolewa na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Miguu ya kulia ya a, h, m na n yake haisimami wima, inajitupa nje kidogo kama ya mtu anayeegemea ukuta. Kwa Kiingereza vituko hivyo huja kimoja hapa, kingine kule. Sasa andika “wanachama”. Kati ya herufi tisa, saba zimeegemea! Mimi hapo naipenda Windsor kuliko wenyewe wanavyoipenda, maana neno zima linapata mwendo. Kwa hiyo sisemi fonti za mapambo hazitufai. Nasema zinatufaa kwa namna yake, na sampuli haiwezi kukuonyesha.

Kingine ni kile kikoma cha juu cha ng'. Mbunifu amekifanya kinono, kama tone la wino, halafu kwenye “ng'ara” kinachimba shimo katikati ya neno. Sogeza herufi kwa mkono. Hakuna dawa nyingine.

Na hicho “kizamani” chenyewe ni cha lini? Wengi wanachanganya. Kuna kizamani cha mabango ya karne ya 19, wakati herufi za kuchapia za saizi ya mabango, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, zilikuwa nzito na ghali, mpaka Darius Wells wa New York alipoanza mwaka 1827 kuchonga za mbao kwa mashine. Hapo herufi zikanenepa na kujipamba ili zishindane ukutani. Halafu kuna kizamani cha miaka ya 1970, kilicholainika, herufi zimebanana kama abiria, kwa sababu upangaji wa maandishi kwa njia ya picha uliondoa vile vipande vya chuma vilivyokuwa vikizitenganisha. Fonti nyingi zinazoitwa za kizamani leo zimeiga hiki cha pili, nacho chenyewe kilikuwa kinaiga. Fonti ya Souvenir, kwa mfano, ilichorwa na mbunifu Morris Fuller Benton mwaka 1914, kisha mbunifu mwingine, Ed Benguiat, akaifufua mwaka 1970. Tunatamani zamani za watu waliokuwa wakitamani zamani zao.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Enzi za risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na zile ndogo ziliachiwa mistari minene kiasi ili isipotee. Siku hizi mchoro mmoja unavutwa na kupunguzwa, ule unywele ukafutika kwenye skrini ya simu. Fonti ya vichwa vya maandishi iachwe kwenye vichwa. Mimi sishuki chini ya pointi 30.

Jalada nililimaliza hivi. Ndani ya fonti mlikuwa na K ya pili, isiyo na madoido, imefichwa kwenye menyu ya herufi mbadala. K ya mwanzo nikaiachia mkia wake, ya katikati nikaivisha ile ya kawaida, nikasogeza M kidogo kulia. Jamaa yangu alipoliona hakusema lolote kuhusu K. Alisoma jina la marehemu babu yake lililokuwa chini, kwa herufi za kawaida kabisa, akalisoma tena kwa sauti.