Dadu mbili za ludo na mteremko wa Kibumba

Nikisema natunga mchezo wa kuigiza mezani, wengi wanauliza kama ni ludo. Wachache wanaoujua mchezo wenyewe wananiuliza swali lingine: dadu za pande ishirini nimezipata wapi hapa Goma? Hao wa pili ndio ninaowaandikia leo, maana swali lao lilinisumbua mwaka mzima kabla sijagundua kwamba sizihitaji.

Kwa wasioujua: mnakaa watu wanne au watano, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi. Mtu akijaribu jambo lenye mashaka, dadu zinaamua. (Huku tunasema "de", kwa Kifaransa. Wenzetu wa Dar watuvumilie.) Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na dadu ya pande ishirini ikawa kama bendera ya michezo hii yote. Watunzi wengi wanaanza nayo bila kujiuliza inafanya kazi gani.

Nami nilianza nayo, kwenye programu ya simu, kwa sababu dukani sikuikuta. Mchezo wangu ni wa wenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wanaoshusha viazi na kabichi kutoka Kibumba hadi Goma. Jumamosi moja mdogo wangu alikuwa anaigiza fundi wa chukudu, mzee wa kazi, viganja vimejaa sugu. Gurudumu la mbao lilikuwa limechomokwa na mpira wake, akatakiwa aufunge upya. Alihitaji 8 au zaidi. Simu ikatoa 4. Nikamwambia ajaribu tena: 2. Tena: 7. Akaweka simu chini, akanitazama.

"Yaya, huyu muntu iko fundi ao haiko?"

Sikuwa na jibu. Kukosa mara tatu mfululizo namna ile hutokea kama mara 4 katika 100, kwa hiyo simu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nilipokaa na daftari usiku ule nikaona yalikuwa mawili.

La kwanza ni jinsi namba zinavyotoka. Dadu ya pande ishirini haina katikati: 1 inatoka sawasawa na 10, kila namba asilimia 5. Ukirusha dadu mbili za ludo ukazijumlisha, unapata mlima. Zinaweza kuanguka kwa njia 36. 7 inapatikana kwa njia 6, lakini 2 kwa njia moja tu, na 12 vilevile. Siku nyingi zinakuwa za kawaida, na vioja vinakuja kwa nadra. Kazi ya mikono ninayoiona mtaani iko hivyo. Sijaona fundi anayeamka bingwa Jumatatu na Jumanne hajui nyundo inashikwaje.

Mlima huo unabadilisha pia thamani ya nyongeza, yaani namba mtu anayojumlishiwa juu ya dadu kwa sababu ya ujuzi wake, na hapa ndipo nilipotumia mishumaa mingi. Tuseme namba ya kufikia ni 7. Mtu asiye na ujuzi wowote anafaulu kwa njia 21 kati ya 36, asilimia 58 hivi. Mpe nyongeza ya 1, anafika 72. Nyongeza ya 2, anafika 83. Ya 3, karibu 92. Hatua zinafupika: 14, kisha 11, kisha 8. Mwanafunzi anafaidi sana somo lake la kwanza, na bingwa anaongeza kidogo kidogo. Kwenye dadu ya pande ishirini kila nyongeza ni asilimia 5 ile ile. Ndiyo maana kwangu nyongeza inaishia 3. Mchezaji mmoja alinisumbua sana nimpe 4. Kwa 4 anakosa mara moja tu katika 36. Sasa tunarusha dadu za nini? Apewe tu gurudumu lake tuendelee na safari.

Kosa la pili ni lile neno langu, "jaribu tena". Nilipolisema hadithi ilisimama pale pale, mtu na gurudumu lake, tunasubiri namba. Dawa nimeiiba kwenye Apocalypse World, mchezo wa Marekani wa mwaka 2010, na sioni haya. Kule 10 au zaidi unapata unachotaka. 7 hadi 9 unapata lakini kwa gharama. 6 kushuka chini, msimulizi anakuletea balaa jipya. Hesabu njia: 10 kwenda juu zipo 6, 7 hadi 9 zipo 15. Kwa mtu asiye na nyongeza, kufaulu kwingi kunakuja na deni.

Sasa twende kwenye mteremko. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kuukuu unachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Umefika kwenye kona, umerusha, umepata 8. Umepita, lakini chagua: gunia moja linadondoka, au breki inaliwa. Kona ya kwanza wote wanaachia gunia. Ya pili pia. Ya tatu mtu anakumbuka viazi si vyake, ni vya mama anayemsubiri soko la Virunga na aliyemlipa nusu asubuhi, na meza inanyamaza.

Wapo wanaosema dadu mbili hazina msisimko. Nawaelewa. Kwenye mchezo wa mapanga na majoka, 20 ikitoka watu wanapiga kelele hadi jirani anagonga ukuta, na kwangu 12 inatoka kwa nadra zaidi, mara moja katika 36. Mchezo wa viazi hauhitaji kelele hizo.

Shida iliyobaki ni uwanja wetu, mawe meusi matupu ya volkano ya Nyiragongo. Umeme ukikatika na dadu ikadondoka, mnapiga magoti wote na tochi za simu, na atakayeiona wa kwanza ndiye atakayesema ilikuwa namba ngapi. Tumehamia kwenye sahani ya bati. Ukurasa wa mwisho wa daftari una kanuni moja kwa mwandiko wa mdogo wangu: iliyoruka nje ya sahani haihesabiwi, hata kama ni sita mbili.